Kofia ya Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesifiwa mbele za watu. Naandika kabla sifa hazijapoa.

Kwenye kikao cha asubuhi Injinia aliibandika ripoti yangu ukutani, akaigonga kwa kalamu. Tazameni namba nne, alisema. Wiki sita mstari umenyooka! Vichunguzi vingine saba vinapanda na kushuka kidogo kidogo, nne imetulia kama bibi harusi. Akasema paa la tanuri ni zima, na Jumatatu ijayo tunaongeza moto. Kuna oda kubwa ya chupa. Watu wakapiga makofi, mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Baba hakupiga. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, kioo chake cha bluu kikining'inia shingoni. Wenzake wanamwita Mzee Bluu. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kupanda juu ya tanuri, kuchungulia ndani kwa kile kioo kupitia tundu lililo juu ya upande wa nne, na kushuka kusema paa linaendeleaje. Tundu hilo ndilo tulilochomekea namba nne. Yeye wamemhamishia chini, kwenye mdomo wa kulishia mchanga na magadi. Upande huohuo wa nne.

Jioni Mama akaniuliza kwa mara ya mia kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia hivi: Mama, paa la tanuri la kuyeyushia kioo ni matofali ya mchanga. Mvuke wa magadi unayala taratibu kwa ndani, na hakuna mtu wa kuingiza mkono akayapapasa. Basi tunaingiza uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ndani ya ala ya chuma inayopozwa kwa maji. Leza iko kwangu, mita themanini kutoka kwenye joto. Mwali unapita kwenye uzi, unalipiga tofali, cheche inaruka, nuru ya cheche inarudi kwa uzi uleule, na mashine inaichambua rangi moja moja. Magadi yana mstari wa njano. Njano ikipanda, tofali linaliwa.

Mama akasema, kumbe unakaa kivulini unasoma cheche. Baba akaomba chumvi. Tangu tufunge vile vichunguzi mazungumzo yetu ni chumvi na mvua.

Jumanne, 4 Machi

Tumejaribu moto. Kwa saa mbili tu, kidogo tu, kabla ya hiyo Jumatatu yenyewe.

Namba moja njano ikapanda. Mbili ikapanda. Tatu, tano, sita, saba, nane, zote zikasogea, kama inavyopaswa, mvuke ukizidi. Nne haikutikisika. Nikacheka peke yangu: huyu mtoto ana nidhamu kupita kiasi.

Kisha nikafungua sanduku la kofia, maana wiki sita zimetimia na vichunguzi lazima vijaribiwe. Kila kimoja kilikuja na kofia yake ya kauri nyeupe. Ndani ya kofia kuna kipande cha tofali jipya, kama sarafu. Unakivisha kichunguzi kofia, unapiga leza, mashine ikisoma tofali zima basi mashine ni nzima. Unavua kofia, unarudisha sandukuni. Vitundu vinane, kofia nane.

Zipo saba.

Imeanguka mahali. Nimepiga magoti chini ya meza, nimetoa droo zote. Kesho nitaiona.

Jumatano, 5 Machi

Sijaiona.

Nimemuuliza mama wa usafi kama aliwahi kufagia kitu cheupe, kama kifuniko cha chupa, kizito kidogo. Akaniambia mwanangu, mimi hapa nafagia vitu vyeupe kutwa, hiki ni kiwanda cha chupa. Nikacheka naye. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko, nikaikumbuka ile siku.

Tarehe ishirini na mbili Januari. Tulikuwa juu ya paa, viatu vya soli ya mbao miguuni, zamu za dakika tano tano kwa sababu ya joto. Nilianza na zile saba zinazofungwa kwa vishikizo vya pembeni. Nne ikabaki mwisho, kwa sababu Baba alikuwa amesimama juu ya tundu lake na hataki kuondoka. Nikamvisha namba nne kofia, nikapiga leza, ikasoma vizuri. Nikasema Baba, tupishe. Akasema mbele ya watu wote: "Nimekusomesha uje unitoboe jicho."

Nami nikamjibu. Ee Mungu wangu, nilimjibu. Nilisema: "Jicho lenyewe lina mtoto wa jicho."

Watu walicheka. Na kweli jicho lake la kushoto lina ukungu, sote tunajua nyumbani, lakini kazini hakuna aliyekuwa anajua. Baba akajisogeza. Mimi hasira na aibu vikanipanda pamoja, nikakichukua kichunguzi, nikakisukuma tunduni, nikaziba kwa udongo wa moto, nikashuka bila kutazama nyuma.

Sikumbuki kuvua kofia. Nimejaribu kutwa nzima kukumbuka mkono wangu ukiivua. Nakumbuka udongo. Nakumbuka vicheko. Kofia sikumbuki.

Wiki sita namba nne imekuwa ikilitazama tofali la kwenye kofia. Tofali jipya, zima, la mfano. Ndiyo maana ni bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa Injinia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kitandani. Nikafika mlangoni yakatawanyika kama kuku.

Nikasema: naomba kibali cha kupanda paani kuichomoa namba nne, nataka kuifanyia huduma.

Akauliza ina shida gani. Nikasema haina shida, ila... Akacheka. Binti, alisema, mgonjwa ni hizo saba zinazorukaruka, wewe unataka kumpasua mzima? Akanikumbusha kwamba kuichomoa nne ni kuvunja udongo, na kuvunja udongo ni kufungua tundu, na tundu wazi halitakiwi wiki ya wageni wa oda. Akaniambia nipumzike, nimefanya kazi kubwa.

Nilikuwa na nafasi palepale. Sentensi moja: nilisahau kofia. Maneno mawili! Nimesoma miaka yote hiyo na maneno mawili yamenishinda. Nikasema asante, nikatoka.

Nimekagua tena takwimu za nne tangu mwanzo. Kumbe mstari haukunyooka kabisa. Mwanga wake umekuwa ukififia, kidogo sana, kila siku. Niliandika kwa mkono wangu kwenye daftari la kazi: "uzi unazeeka." Uzi gani unazeeka kwa wiki sita? Ni leza inachimba shimo palepale, kwenye kile kipande kama sarafu, kila dakika kumi, mchana na usiku. Kwenye tofali la kweli kungekuwa na mvuke na uchafu, mistari ingecheza. Nilikuwa na ushahidi mbele ya macho nikaupa jina zuri.

Jioni Baba alikuja na vinyweleo vya mkono wa kulia vimeungua. Mama akauliza. Akasema joto la pale limebadilika, tanuri linapumua vibaya. Halafu akanitazama, mara ya kwanza wiki hizi, akasema: "Lakini mwulize mwanao namba nne, yeye ndiye anayejua."

Nikainuka mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusema.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshuka hadi pale anaposimama. Sijawahi kwenda tangu wamhamishe. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Mdomo wa kulishia ni upana wa meza. Mchanganyiko unasukumwa ndani polepole, na Baba anasimama hatua nne kutoka hapo, akisawazisha kwa chuma kirefu. Juu yake ni ukuta, juu ya ukuta ni paa. Paa la nne. Nikisimama pale alipo yeye na kunyoosha kidole juu, nakuwa naonyesha kofia yangu.

Hakushangaa kuniona. Akanipa kioo chake cha bluu. Tazama kona ya juu, akasema, usikaribie. Nikatazama. Moto kupitia kile kioo unakuwa kama maji. Na kwenye kona, pale paa linapokutana na ukuta, kuna michirizi. Kitu kinashuka, kinene, kinang'aa, tone linafuata tone.

"Paa linatoka jasho," Baba akasema. "Tofali halitoki jasho hivihivi, mama. Linayeyuka."

Nikamwuliza kama amemwambia Injinia. Akasema amemwambia mara mbili. Mara ya kwanza Injinia alimwambia labda ni macho. Mara ya pili akamtolea karatasi, akamwonyesha mstari ulionyooka, akamwambia Mzee, namba nne inasema safi, na aliyeandika ni binti yako mwenyewe.

"Nikanyamaza," Baba akasema. "Ningesema nini? Nimpinge mwanangu mbele ya watu?"

Yeye hakunipinga. Mimi nilimfanya nini!

Nimerudi chumba cha mitambo nikakaa mbele ya skrini. Namba nne: safi. Dakika kumi baadaye: safi. Nilitaka kuipiga ngumi. Wenzangu wawili walikuwa wanabishana kuhusu mpira, na mmoja akanirushia karanga akidhani nimelala. Ningewaambia wao kwanza? Wangesema nini? Wangesema kofia. Milele ningekuwa Mama Kofia. Na hilo ndilo linaloniua zaidi, kwamba nimekaa siku nne nikiogopa jina la utani, na baba yangu amesimama chini ya lile paa kwa saa nane kila siku.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini kifo chenyewe hakitaniumbua mimi. Kitamwangukia mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Baba.

Alikuwa kibarazani, anasugua kioo chake kwa upindo wa shati kama kila Jumapili. Mama yuko ndani. Nilisimama nyuma ya kiti chake ili asinione uso. Nikasema: Baba, namba nne haijawahi kuliona lile paa. Niliiacha kofia.

Akaendelea kusugua. Nikadhani hajanisikia. Nikarudia.

Akauliza: "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ile nilikuudhi," akasema.

Basi hapo nikalia. Afadhali angenitukana. Afadhali angesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ana haki zote za kusema hivyo, na tangu utotoni hakuna methali anayoipenda kuliko hiyo. Nikamwambia hapana Baba, mimi ndiye niliyekudhalilisha, na nilikudhalilisha kwa kitu cha kweli, ndiyo mbaya zaidi. Akasema jicho ni lake, ukungu ni wake, nimwachie. Akaniuliza kofia ina ukubwa gani, na udongo niliozibia ni wa aina ipi, ule wa kukauka haraka au ule mwingine. Nikamjibu wa haraka. Akatikisa kichwa kama fundi anayepewa vipimo.

Nikamwomba kesho asiende kazini. Aseme anaumwa. Akasema pale hatua nne kutoka mdomoni wanasimama kwa zamu watu wanane, je, na hao waumwe?

Kisha akasema kesho nikamwambie Injinia mwenyewe, kwa mdomo wangu, asubuhi kabla ya moto. Asiambiwe na yeye Baba. "Kosa ukilisema wewe ni kosa," akasema. "Likisemwa na mwingine ni uovu."

Mama akatoka na kuuliza tunanong'ona nini. Baba akasema tunazungumza mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Nimesema.

Nilimkuta Injinia anavaa tai, wageni wa oda wanafika saa nne. Sikukaa. Nikasema: nilisahau kuvua kofia ya namba nne. Ripoti zote za nne ni za uongo. Paa la upande wa nne hatulijui hali yake, na Mzee Bluu amekuambia mara mbili linatoka jasho.

Akaiachia tai ikaning'inia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Baba. Akauliza nina hakika. Nikasema kofia ni saba.

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Alisema moto umeshaanza kuongezwa tangu saa kumi na mbili, taratibu, kwa amri yake. Ataomba usimamishwe ulipofika. Kuupunguza hawezi peke yake, lazima Meneja, na Meneja yuko njiani na wageni, hapokei simu. Kibali cha paani pia ni Meneja. Tusubiri saa nne.

Nikasema saa nne ni mbali. Akasema anajua kuhesabu saa.

Saa mbili na robo. Wameshikilia moto hapohapo. Zile saba zote njano imepanda, hazijawahi kufika hapa. Nne: safi. Nimeifunika sehemu yake ya skrini kwa karatasi, siwezi kuitazama.

Saa mbili na dakika arobaini. Baba ameingia chumba cha mitambo. Amevaa viatu vya soli ya mbao na koti la moto. Begani ana patasi na nyundo. Mkononi redio. Akaweka redio ya pili mezani kwangu.

Injinia, aliyekuwa kando yangu akitazama skrini, akasimama. Akasema Mzee, hakuna kibali. Baba akasema watu wake saba amewatoa pale mdomoni, amewaambia wakanywe maji, na kwa kuwa yeye hana kiu anapanda. Injinia akasema kama kuna kitu paani hatapanda mtu, ni hatari. Baba akasema, kwa upole, kama anaeleza mtoto: "Mwanangu, kama hakuna kitu, si hatari. Na kama kipo, mtu akijua mapema ndiyo nafuu. Sasa wewe unaamini kipi?"

Injinia alitazama pembeni. Hicho ndicho kibali alichopewa baba yangu.

Nilisema niende mimi, kosa ni langu. Baba akasema leza nani atazima? Kweli. Uzi ukichomolewa na leza inawaka, mwali unamwingia machoni. Nimeizima, nimechomoa ufunguo, nimeushika ngumini. Sheria ni kwamba mwenye ufunguo haondoki kitini mpaka aliye juu ashuke. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe.

Naandika kwa mkono mwingine.

Saa tatu kasoro tano. Redio: amefika. Anasema ubao wa kutembelea umejipinda kidogo. Anasema kuna joto "la kutosha," na kwa Baba neno hilo si dogo. Nasikia nyundo. Taratibu. Amepumzika. Nyundo tena.

Udongo umetoka. Anaivuta ala. Anaguna.

"Ninayo," anasema. "Mama, kofia ipo. Ina tundu katikati kama imetobolewa kwa sindano."

Injinia amekaa chini, kichwa mikononi.

Baba anasema ameivua, ameitia mfukoni, anakirudisha kichunguzi tunduni. Anasema amekiegemeza kwa patasi, yeye yuko pembeni, uso amegeuza. "Washa."

Nimemwuliza mara mbili kama uso amegeuza. Akasema nisimfundishe kazi.

Nimegeuza ufunguo. Nimeng'oa karatasi kwenye skrini.

Njano.

Si kama zile saba. Mstari umepanda hadi juu ya skrini na hauonekani kichwa. Nikabadilisha kipimo, ukafika juu tena. Mstari wa mchanga karibu hauonekani kabisa, ni magadi matupu. Hapo hakuna tofali la kuzungumzia. Kuna ganda.

Injinia ameona. Amekimbia, nasikia viatu vyake ngazini kuelekea kwenye vali za mafuta. Hajasubiri Meneja.

Nimezima leza. Nikabonyeza redio, nikasema Baba, shuka. Shuka sasa hivi. Usirudishe udongo, usichukue nyundo, acha kila kitu.

Akasema: "Nimekusikia." Halafu akasema: "Ngoja kwanza nichungulie."

Nikasema Baba, mashine imeshaona! Baba, nakuomba.

"Mashine yako naiamini," akasema. "Ila kichunguzi nimekichomoa, tundu liko wazi, na mimi niko hapa. Kitambo kidogo tu, mama. Nataka nijue limeliwa kuelekea wapi, niwaambie wale wa chini wasisimame upande gani."

Nikasikia kioo chake kikigonga kifungo cha koti, kama kinavyogonga kila siku anapokiinua.

Dakika tatu sasa. Ngazi ya kutoka paani ina vidato thelathini na viwili, na mlango wake uko mbele yangu, wazi, hakuna mtu. Nimebonyeza redio mara nne. Ameiacha imefunguka kwake, kidole kimekaa kwenye kitufe, kwa hiyo mimi simfikii, yeye ndiye ananifikia. Namsikia anapumua. Nasikia moto nyuma ya pumzi yake.

Hasemi anaona nini.